Morris ya 1963, petroli isiyo na risasi na tapeti zilizonyamaza: uchambuzi wa kisa cha Unguja

Gari yenyewe ni Morris Minor 1000 ya milango minne, ya mwaka 1963, injini ya cc 1098. Iliingia Unguja ikiwa mpya, kabla ya Mapinduzi, na haijatoka katika familia ile mpaka leo. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu ambaye mie humwita Ami, na humu nitamwita hivyo hivyo. Kwa miaka mingi kazi ya gari ilikuwa kumpeleka Darajani, kumpeleka msikitini Ijumaa na kumrudisha nyumbani. Siku hizi ina kazi ya pili. Kijana wake huikodisha kwa maharusi na kwa wageni wanaotaka kupigwa picha nayo Nungwi na Paje, na kazi hiyo ndiyo inayolipa bima na matairi.

Malalamiko yalikuwa haya. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ikiwaka inamisi. Ikipata moto inatulia kidogo, lakini haina nguvu, na mlima wowote, hata vile vilima vya Unguja ambavyo Mpemba akiviona hucheka, inataka gia ya tatu. Halafu kuna siku ilizima Kinyasini wakati inarudi Nungwi na bibi harusi yumo ndani, ikakataa kuwaka mpaka jua lilipopungua.

Fundi wa kwanza, mtu mzima anayezijua gari za Kiingereza tangu ujana wake, alisikiliza, akafuta bomba la moshi kwa kidole, akatoa hukumu: petroli ya siku hizi haina risasi, imekula siti za valvu, yaani pale valvu zinapokalia zikijifunga; silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ifunguliwe itiwe siti ngumu, ama sivyo gari iwekwe uani chini ya mwembe. Ami hakuja kwangu kwa kumdharau fundi yule. Alikuja na swali moja. "Mwanangu, petroli hii isiyo na risasi tunayo tangu 2006. Mbona gari imekaa miaka yote hiyo haina neno, ikaja kuharibika sasa?"

Swali hilo ndilo lililobeba kisa chote, na kulijibu inabidi kwanza tuelewane risasi ilikuwa inafanya nini ndani ya injini.

Risasi haikutiwa kwenye petroli kwa ajili ya valvu. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake wa General Motors, Marekani, waligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi kikichanganywa na petroli, injini haigongi, yaani petroli hailipuki ovyo ndani ya silinda, hata ikiwa na kompresheni kubwa, yaani ikikandamiza mchanganyiko kwa nguvu. Watengenezaji wa magari wakajenga injini zao juu ya mafuta hayo. Faida ya pili ilijitokeza yenyewe. Risasi ikiungua huacha utando mwembamba wa chumvi zake juu ya siti za valvu, na utando ule huzuia valvu na siti zisigusane chuma kwa chuma.

Kwenye injini ya Morris, kama zilivyo injini nyingi za Kiingereza za wakati ule, silinda hedi yote ni chuma cha kusubu, na siti imechongwa humo humo kwenye hedi. Hakuna pete ngumu iliyotiwa. Valvu ya kutolea moshi ikiwa kazini huwa nyekundu kwa joto. Injini ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, kila valvu hupigwa juu ya siti yake mara 1,600 kwa dakika, karibu mara 27 kila sekunde. Bila ule utando, vijipande vidogo vidogo vya siti huganda kwenye uso wa valvu kwa joto, valvu inapofunguka huving'oa, na kutu yake hubaki pale pale ikisaga siti. Siti inaliwa, valvu inazama ndani ya hedi. Valvu za kuingiza petroli hazipatwi sana na balaa hili, kwa sababu kila zinapofunguka hupitiwa na hewa na petroli ya baridi.

Kwa hiyo fundi wa kwanza hakubuni. Ugonjwa upo, una sababu na una dalili. Lakini haupati kila gari kuukuu. Peugeot 404 na Volkswagen ya kobe zina hedi ya alumini, na alumini ni laini mno kubeba valvu, kwa hiyo tangu kiwandani zilitiwa siti za chuma kingine kilicho imara zaidi. Vespa za tustroki zilizojaa mji huu hazina valvu za namna hiyo kabisa, na anayekwambia Vespa yake imekufa kwa kukosa risasi anatafuta pa kumtupia lawama. Wanaohusika ni Morris, Austin na ndugu zao wenye hedi za chuma.

Tena sitaki msomaji afikiri mie naililia risasi. Ile ni sumu, na sumu yake hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuiondoa, na kuanzia Januari 2006 ikawa haiuzwi tena kwenye petroli ya ukanda huu. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha, Julai 2021. Hata kwa injini yenyewe risasi ilikuwa na madhara yake: ilichafua plagi na kuozesha bomba la moshi. Ami mwenyewe anakumbuka alivyokuwa akibadilisha sailensa.

Sasa tumjibu. Kinachoamua kasi ya siti kuliwa ni mizunguko na mzigo. Injini inayokwenda polepole, gari ikiwa nyepesi, inaweza kutumia petroli isiyo na risasi miaka na siti isisogee kiasi cha kuonekana. Morris hii ikiwa gia ya nne hupata karibu kilomita 25 kwa saa kwa kila mizunguko 1,000. Kutoka Kikwajuni kwenda Darajani huendi zaidi ya 40, yaani mizunguko 1,600, tena nusu ya safari umesimama unapisha bodaboda. Gari ya Ami ilidumu kwa sababu mwendo wa Ami ulikuwa ni wa mjini. Mabaki ya risasi ya zamani nayo husaidia kwa muda, lakini hayo yalishakwisha zamani sana.

Nikamuuliza kijana mwendo wake wa Nungwi. "Hamsini tu, kaka. Siikimbizi. Kila mtu ananipita."

Nilimwamini, na hata hivyo hesabu haikuja. Kwa kilomita 50 injini ile iko kwenye mizunguko 2,000, siti haziwezi kuliwa kwa kasi hiyo. Tukaenda tukakaa ndani ya gari, akanionesha kwa kidole pale mshale unapokaa. Mita ya Morris ya 1963 inasoma maili. Hamsini ile ni kilomita 80 kwa saa, mizunguko 3,200. Na siku za kuchelewa, alikiri, mshale hufika 60. Hiyo ni karibu kilomita 97, mizunguko isiyopungua 3,800, kwa zaidi ya nusu saa mfululizo kutoka Bububu kwenda juu, na ndani kuna bibi harusi, somo yake, shangazi wawili na mabegi. Anayeendesha Toyota yenye kilomita siku sita, siku ya saba akapanda gari ya baba yake, ni rahisi kusahau.

Hapo nilishapata jibu la swali la Ami, lakini jibu si kipimo. Siti iliyoliwa inaonekana bila kufungua hedi, kwa sababu valvu ikizama ndani, mkia wake hupanda juu, na ule mwanya kati ya mkia na roka, mkono unaoisukuma valvu ifunguke, tunaouita mwanya wa tapeti, hupungua. Kwa injini hii mwanya ni milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Valvu ziko nane kwa mstari, na ukihesabu kutoka kwenye rejeta, za kutolea moshi ni namba 1, 4, 5 na 8. Unapima kwa kanuni ya tisa: valvu namba nane ikiwa imefunguka kabisa unapima namba moja, namba tano ikifunguka unapima namba nne, na kuendelea hivyo, kila mara jumla iwe tisa.

Za kuingizia, yaani 2, 3, 6 na 7, zilikuwa zote kati ya 0.28 na 0.32. Namba 1 ilikuwa 0.20. Namba 8 ilikuwa 0.15. Namba 4 na 5 hazikuwa na mwanya kabisa, hata ubapa wa kupimia ulio mwembamba kuliko zote haukuingia.

Mtu akiniuliza ni kitu gani katika kisa hiki kilichoniridhisha, ni orodha hiyo. Kama fundi aliyepita angekuwa amekosea tu kuzirekebisha tapeti, makosa yangetawanyika popote. Hapa zimepungua za moshi peke yake, na mbili zilizopungua zaidi ni za katikati. Hedi ya Morris ina matundu matatu tu ya moshi kwa silinda nne. Silinda ya pili na ya tatu, zenye valvu za moshi namba 4 na 5, hutumia tundu moja la katikati, na pale ndipo penye joto kuliko pote. Siti zilikuwa zimeliwa kufuata joto.

Kuna jambo hapa ambalo wenye gari za namna hii walishike. Injini ya Morris hulia tapeti kwa kawaida, tiki tiki tiki kama cherehani. Kijana alinisimulia kwa furaha kwamba miezi ya nyuma kelele ile ilikwisha yenyewe, gari ikawa kimya, akadhani oili mpya aliyoitia ndiyo nzuri. Kimya kile ndicho kilichotakiwa kuwatisha. Mwanya ulikuwa unazibika. Ukishazibika kabisa valvu haifungi tena hadi mwisho, kompresheni inavuja, na moto unapenya kati ya valvu na siti na kuunguza vyote viwili. Tapeti inayolia inaudhi, lakini ina nafasi ya kupumua.

Kompresheni, kwa pauni za inchi ya mraba, silinda ya kwanza hadi ya nne: 150, 90, 80, 140. Tukatia oili kidogo ndani ya silinda ya pili na ya tatu kupima ringi za pistoni; namba hazikupanda ila kidogo sana, kwa hiyo ringi hazina kosa. Tukarudisha mianya yote kwenye 0.30 na kupima upya: 150, 135, 115, 145. Kwa kazi ya spana moja na bisibisi, gari iliwaka asubuhi iliyofuata bila kusukumwa. Silinda ya tatu tu ndiyo iliyobaki na ila, na ila yake itarudi baadaye.

Mwendo peke yake haukutosha kunieleza ulaji wote ule, maana safari za Nungwi hazina miaka mingi. Nikaangalia vitu viwili vinavyopandisha joto la moshi: wakati wa moto na mchanganyiko wa hewa na petroli.

Wakati wa moto ulikuwa umerudishwa nyuma. Cheche inatakiwa kuruka nyuzi chache kabla ya pistoni kufika juu; hapa ilikuwa inaruka baada ya pistoni kuanza kushuka. Sababu ilijulikana kwa kuuliza. Injini iliwahi kugonga gari ikipakia watu, fundi fulani akazungusha distribyuta mpaka kugonga kukakoma. Njia hiyo inatibu kelele, lakini petroli inayochelewa kuwaka humalizia kuungua wakati valvu ya moshi inafunguka, na joto lote linaishia juu yake. Kugonga kwenyewe kulitokana na masizi mengi ndani ya silinda na, kwa maoni yangu, dumu moja la petroli ya kununua pembezoni mwa barabara iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Mchanganyiko nao ulikuwa mwembamba. Kabureta ya SU ina pini ndogo ubavuni. Ukiinyanyua pistoni yake kwa milimita moja hivi injini ikiwa inawaka, injini ikizima papo hapo basi petroli ni chache. Ilizima. Plagi zilikuwa nyeupe. Kijana, kila ZURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta Zanzibar, ikitangaza bei mpya za mwezi na bei ikiwa imepanda, alikuwa akiikaza nati ya chini ya kabureta kidogo ili gari isinywe sana. Petroli aliyoiokoa kwenye kabureta aliilipa kwenye valvu.

Kwa hiyo hukumu yangu niliiandika hivi kwenye daftari ya Ami, ambaye hupenda mambo yaandikwe: siti zimeliwa, na kukosekana kwa risasi ni sharti la kuliwa kwake, lakini zilizozila ni maili 60 kwa saa zenye mzigo, cheche iliyochelewa na petroli iliyobanwa. Ondoa haya matatu, siti zile zile za 1963 zingeendelea kumpeleka msikitini.

Kuzima kule Kinyasini hakuhusiani kabisa na risasi, ingawa lawama zilikwenda huko huko. Kwenye Morris kabureta iko upande ule ule wa manifoldi ya moshi, tena juu yake. Gari ikisimama kwa picha baada ya mwendo mrefu, joto hupanda, petroli huchemka ndani ya kabureta, na pampu ya umeme hupiga tikitiki za haraka ikisukuma mvuke. Kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi kilikuwa kimetolewa, mahali pake pamewekwa gasketi ya karatasi. Kimerudishwa. Mipira ya petroli iliyokuwa imelainika imebadilishwa. Basi.

Tulipofungua tangi kulisafisha yakatoka mawe matatu. Tulidhani mawe. Yalikuwa chubwi za nyavu, risasi tupu, alizozitia jirani mvuvi kwa nia njema kabisa: petroli haina risasi, basi itiwe risasi. Nia ni njema ila haifanyi kitu. Risasi ya chubwi haiyeyuki kwenye petroli. Iliyokuwa ikitumika ni kimiminika kilichotengenezwa kiwandani na kikachanganyika kabisa. Chubwi zitakaa chini ya tangi mpaka Kiyama na valvu hazitapata habari. Ami alizirudisha kwa mwenyewe, zikaenda baharini.

Kijana yeye alikuja na wazo la uwanja wa ndege. Ni kweli kwamba ndege ndogo za injini ya pistoni bado zinatumia petroli yenye risasi. Lakini mafuta ya ndege kubwa ni jamii ya mafuta ya taa, hayahusu, na hayo ya ndege ndogo yana utaratibu wake wa kuuzwa, na si kitu cha kuchukua kwenye dumu kwa njia za vichochoroni. Zaidi ya hayo, moshi wake ungetoka barabarani mbele ya madrasa. Nilimkatalia, na Ami alimkatalia kwa ukali zaidi.

Kuhusu dawa za kutia ndani ya tangi niko katikati. Zipo zinazofanya kazi. Zina potasiamu, manganizi, fosforasi au sodiamu, na zinaacha utando unaofanana na ule wa risasi. Uingereza, petroli yenye risasi ilipokaribia kuondolewa kwenye vituo mwaka 2000, shirikisho la vyama vya magari ya kale, FBHVC, liliagiza majaribio na kuidhinisha baadhi ya dawa hizo. Sharti lake ni kutia kila unapojaza tangi na kutochanganya dawa ya aina moja na ya aina nyingine. Kwa mtu wa Unguja maana yake ni kuagiza chupa nje mwaka mzima kwa gari inayoingia sheli kila wiki. Kwa safari chache za mbali, sawa. Kwa biashara, hapana. Vile vidonge vya bati vinavyotumbukizwa tangini mara moja na kuambiwa vinadumu maisha, sivitii gari ya mtu.

Basi ikaja hoja ya siti ngumu. Fundi wa kwanza alitaka zitiwe mara moja, kijana naye alitaka hivyo ili arudi njiani. Mie nilitaka tungoje, kwa sababu hedi ya chuma ya miaka 60 si kitu cha kuchonga bila sababu. Nilitia alama nyekundu kwenye kioo cha mita, maili 40, nikaomba kwamba mshale usipite hapo, na mianya ipimwe kila baada ya maili 500. Kijana alilalamika kwamba wateja wa Nungwi hawangoji mwendo huo. Ami akasema, "Wangoje. Bibi harusi hata akichelewa harusi haifungwi bila yeye."

Vipimo vya kwanza vilipokuja, namba 1 na 8 zilikuwa zimesimama pale pale. Namba 4 na 5 zilitoka 0.30 zikafika 0.25. Hiyo ni mara nyingi pungufu ya kasi ya zamani, na kwa mwendo huo gari ingekwenda miaka kwa kurekebishwa tu. Lakini silinda ya tatu ilianza kushuka tena, 115 ikawa 105, ingawa mwanya wake ulikuwa bado unatosha. Maana yake valvu yenyewe ilishaungua ukingo wakati ule ilipokuwa haifungi, na hapo hakuna marekebisho ya juu yanayosaidia. Hedi ingefunguliwa tu. Na ikiwa itafunguliwa, siti ngumu zitiwe safari hiyo hiyo, maana kusaga valvu mpya juu ya siti laini iliyokwisha ni kulipia kazi mara mbili.

Ami alichagua Ramadhani, mwezi ambao maharusi hakuna.

Spea hazikuwa taabu. Injini ya Morris ni ya jamii ya A, iliyoanza 1951 na ambayo Mini iliitumia mpaka mwaka 2000, kwa hiyo valvu, gaidi (mirija inayoongoza mikia ya valvu) na siti zake bado zinatengenezwa Uingereza na zinakuja kwenye begi la jamaa anayerudi likizo. Taabu ilikuwa mchongaji. Hapa mjini mmoja alijitolea kuchonga siti kutoka kwenye shafti ya lori. Chuma cha shafti kina nguvu ya kusokotwa, lakini hakikutengenezwa kustahimili moto wa moshi, na pete isiyokaza sawasawa siku moja huchomoka ikaanguka juu ya pistoni. Tukaipeleka Dar es Salaam. Silinda hedi ilivuka kwa boti ndani ya ndoo, imefungwa kanga kuukuu.

Mchongaji wa Dar alifanya mambo matatu ambayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Aliijaribu hedi kwa maji ya presha kabla ya kugusa chochote, na tena baada ya kumaliza, kwa sababu kwenye hedi hizi ukuta kati ya siti na njia ya maji ni mwembamba, ukichimba kupita kiasi umeiua. Alikataa kutia siti kwenye valvu za kuingizia, akasema hazidai. Na alibadilisha gaidi zote nne za valvu za moshi kabla ya kukata siti, kwani valvu inayocheza ndani ya gaidi hupiga siti upande mmoja, na siti hata iwe ngumu vipi haitafunga. Tundu la siti alilichonga dogo kidogo kuliko pete yenyewe, hedi ikapashwa moto, pete zikagandishwa, zikaingia kwa kukazana.

Hedi ilipokuwa mezani tuliona kwa macho yale tuliyoyapima kwa ubapa. Siti namba 4 na 5 zilikuwa zimezama zaidi ya milimita moja na nusu, na valvu ya namba 5 ina mfuo mweusi ukingoni, pale moto ulipokuwa ukipenya. Za kuingizia zilisagwa kidogo tu, zikarudi. Fundi wa kwanza alikuja kutazama. Akazishika valvu moja moja akizigeuza kwenye mwanga, akasema siti za pembeni zingeweza kubaki. Alikuwa na haki, lakini mzigo ushafika Dar na kurudi.

Baada ya kufunga: 158, 155, 155, 157. Wakati wa moto umewekwa kwa taa, kabureta imefunguliwa mpaka plagi zikawa na rangi ya kahawia, na masizi yametolewa kwa hiyo haigongi. Petroli ni ile ile ya sheli ya mtaani, bila dawa. Mianya imepimwa mara kadhaa tangu hapo, ikiwemo baada ya msimu mzima wa harusi, na namba 4 na 5 ziko kwenye 0.30 kama siku ya kwanza. Tapeti zinalia. Ami ameikata alama nyekundu ya maili 40 kwa wembe kisha akaibandika upya mahali pale pale, maana kijana ameshaanza kuniuliza kama sasa maili 60 inafaa. Kwa upande wa siti, inafaa. Breki za gari ile ni dramu nne za 1963 bila msaada wa sava, na nimemwambia tuanze na hizo.